Kati ya Hawa Wawili, Nani Atangulie

Mwaka niliofunga ndoa niliamini kabisa kwamba hakuna ugomvi wa ukoo usioweza kumalizwa na programu ya mistari arobaini. Nayasema haya bila aibu, kwa kuwa aibu zote nilizokuwa nazo zilinitoka mwaka huo huo.

Nafundisha kompyuta katika shule moja ya sekondari hapa Newala. Chumba chetu kina mashine kumi na moja, na siku umeme ukiwa na huruma zinawaka saba. Mimi ni Mmakua wa Masasi. Huku juu kwa Wamakonde nilipandishwa na kazi, na mchumba nikamkutia hapa hapa, kwenye dirisha la dawa la hospitali, kijana wa watu akinihesabia vidonge vya malaria. Alihesabu mara tatu akikosea kila mara. Nilidhani hajui hesabu, kumbe ananitazama.

Lakini kabla sijampenda yeye, nilikuwa nimependa kitu kingine: kupanga orodha. Ilianza darasani. Niliwaandikia wanafunzi namba za madawati, nikaiamuru kompyuta izipange, nayo ikatoa moja, kumi, kumi na moja, mbili. Darasa zima likacheka, wakadhani mwalimu kaumbuka, na kweli nilikuwa nimeumbuka. Mashine ilikuwa inazisoma namba kama maneno, inatazama tarakimu ya kwanza tu na kutoa hukumu. Nikajifungia ofisini na kitabu cha mafunzo mpaka nikapata dawa yake, na ile dawa ndiyo iliyonitia wazimu.

Mambo yenyewe ni hivi. Kompyuta ikipewa orodha iipange, haiitazami yote kwa mpigo. Inachukua wawili tu, inawapeleka mbele ya kipande kidogo cha programu ulichokiandika wewe mwenyewe, na inauliza: kati ya hawa wawili, nani atangulie? Kipande hicho, ambacho sisi wa kazi hii tunakiita fanksheni ya kulinganisha, kinajibu kwa namba. Hasi maana yake wa kwanza atangulie. Chanya, wa pili atangulie. Sifuri, kwangu mimi hawa ni sawa, waache kama walivyokuja. Basi, hakuna zaidi. Inauliza wawili wawili, haraka haraka, mpaka orodha nzima inasimama mstari.

Na kigezo unakiamua wewe! Hapo ndipo niliposimama nikaizunguka meza kwa furaha. Nilipanga wanafunzi kwa urefu, kwa umbali wa kwao, kwa wingi wa visingizio. Nilipanga kanga zangu kuanzia iliyochujuka zaidi. Nilipoanza kualikwa ukweni nilipanga hata vyakula walivyonilisha, na ming'oko, vile viazi pori vya huku, ikaibuka ya kwanza kwa pointi nyingi mno, jambo lililompendeza mama mkwe kuliko heshima zote nilizowahi kumpa.

Basi ndoa ikapangwa, sherehe ikawekwa kwenye ukumbi wa hapa Newala, na mama yangu akanipigia simu kutoka Masasi.

Niseme kwanza jambo ambalo mtu wa huku halihitaji kuambiwa. Harusi zetu zina kipengele kimoja kinachowatoa watu jasho, nacho ni kuitwa kutoa zawadi. Mshereheshaji anasimama na karatasi, anasoma jina, walioitwa wanajipanga mlangoni na zawadi zao, kisha wanaingia wakicheza hadi mbele kwa maharusi. Anayeitwa mwanzo ndiye mwenye harusi. Anayeitwa mwisho ni mpita njia aliyesikia muziki. Watu wanayajua haya, wanajifanya hayawahusu, na wote wanahesabu kimoyomoyo.

Na juu ya wote yuko mjomba. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Baba yangu alifariki nikiwa sijaanza shule, lakini hata angekuwa hai, mwenye kunitoa ni kaka wa mama yangu, mkulima wa korosho kule Lulindi, mtu mpole anayejua kununa kwa ufundi.

Kununa kwake kulianzia harusi ya dada yangu. Siku ile karatasi iliandikwa na baba mdogo, mdogo wa marehemu baba, ambaye alikuwa na kazi ya ofisini, naye akapanga watu kwa vyeo. Wakuu wa ofisi kwanza, kisha walimu, kisha watu wenye magari. Mjomba aliitwa wa tisa, peke yake, kwa tangazo la "mgeni wetu kutoka Lulindi". Alikuwa amekuja na mbuzi. Alisikia jina, akatoka nje, akamfungua mbuzi wake kwenye nguzo, akarudi naye nyumbani.

Miaka mitatu ikapita yeye na mama hawasemezani. Mama hakumtaja tena kwa jina wala kwa udugu, akawa anamwita yule mtu wa Lulindi. Yule mtu wa Lulindi alipougua, mama alimpa jirani kikapu cha unga apeleke. Jirani akarudi na kikapu kile kile kimejaa korosho, bila salamu. Hivyo ndivyo walivyokuwa wanazungumza.

Kwa hiyo mama aliponipigia simu hakuniomba vyombo wala ukumbi mkubwa. Aliomba kaka yake aje, na abaki mpaka mwisho.

"Akiondoka na safari hii, mwanangu," alisema, "hatutazikana."

Mwenye busara angenyamaza akaogopa. Mimi kichwa kilinivimba. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, safari hii hapangi baba mdogo, inapanga kompyuta. Nilijiona nimefika. Nilikata simu nikawasha mashine kabla hata ya kumaliza chai.

Wiki nzima nilikusanya sheria. Kundi la harusi kwenye simu lilinipa za kutosha, kila upande na zake. Ukoo wa mama utangulie ukoo wa baba. Mkubwa kwa umri amtangulie mdogo. Aliyetoka mbali, yaani shangazi wa Nanganga na wale wa Tandahimba, amtangulie aliyekuja kwa miguu. Mwenye zawadi inayopiga kelele aje kabla haijamtoroka. Hii ya mwisho ilitoka kwa mtu mwenye uzoefu na majogoo. Nilizigeuza zote kuwa hasi na chanya, nikicheka peke yangu kama mwehu, na wenzangu ofisini wakaanza kuniuliza kama harusi haitasogezwa mbele kwa sababu za kiafya.

Sheria iliyoniponza niliipokea kwa heshima zote, nimepiga magoti. Aliyenipa ni bibi wa mchumba wangu, mama wa baba mkwe, kizee chembamba kama ufito chenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. Ukoo wake na ukoo wa mama yangu ni watani tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Watani wetu hawachezi. Mtani anaweza kukuvua kofia msibani, akaketi kwenye kiti chako, akala mnofu wako mbele ya wakwe, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Bibi aliniuliza ninaandika nini, nikamweleza. Akafikiri kidogo, akaniambia niandike kwamba mtani hasimami nyuma ya mtani wake. Mtani hutangulia.

Nikaandika. Ilikuwa sahihi kabisa, muulize Mmakua yeyote au Mmakonde yeyote. Kwa kuwa ni sheria ya wakubwa nikaiweka juu ya zote: kama wa kwanza ni mtani wa wa pili, jibu hasi, usiendelee kuuliza.

Jumamosi asubuhi nikaingiza majina yote na kubonyeza. Orodha ikatoka, na mstari wa kwanza kabisa, juu ya watu wote wa Masasi na Newala, alikuwa mjomba. Nilipiga vigelegele peke yangu chumba cha kompyuta. Nikaipiga picha ile orodha nikamtumia mama, naye akanirudishia sauti ya vigelegele vyake, kisha ya jirani, kisha ya mtu nisiyemjua.

Mchana nikagundua nimemsahau shangazi wa Nanganga. Nikamwongeza, mmoja tu, nikabonyeza tena. Mjomba alikuwa wa thelathini na moja, katikati ya mpiga picha na mama muuza chapati wa jirani.

Nilidhani macho yamechoka. Nikayafuta, nikatazama tena. Nikawabadilisha watu wawili mahali walipokaa kwenye orodha ya mwanzo, jambo ambalo halikupaswa kubadilisha lolote, nikabonyeza, na sasa bibi yuko wa kwanza, mjomba wa kumi na tisa, na mama mkwe yuko nyuma ya watoto wake wote. Nikabonyeza tena na tena kwa mpangilio tofauti. Kila nikibonyeza kunazaliwa ukoo mpya. Mchumba wangu alikuja akasimama nyuma yangu, akatazama, akasema programu imenuna kama mjomba. Sikucheka, halafu nikacheka, halafu nikaacha.

Ikabidi niihoji fanksheni yangu kwa mkono, swali moja moja, kama polisi. Nikaipa mjomba na bibi: nani atangulie? Ikajibu hasi, mjomba. Vizuri. Nikaipa bibi na mjomba, watu wale wale, nimegeuza tu nani ametajwa mwanzo. Ikajibu hasi. Bibi. Nikaketi sakafuni. Kumbe ilikuwa inamkubalia kila anayetajwa kwanza, kwa kuwa mjomba ni mtani wa bibi, na bibi ni mtani wa mjomba, na wote wawili, kwa sheria niliyoipokea kwa magoti, ni lazima watangulie. Fanksheni ya kulinganisha inaruhusiwa kuwa na upendeleo, inaruhusiwa hata kuwa jeuri, lakini hairuhusiwi kuwaambia watu wawili kwamba kila mmoja wao yuko mbele ya mwenzake. Ikifanya hivyo, orodha yote inakwenda mrama. Wala mashine haikupi onyo. Inakupangia tu, kwa uso mkavu.

Nilicheka pale sakafuni mpaka mbavu zikaniuma. Nilikuwa nimeifundisha kompyuta utani, na ilikuwa imeelewa.

Kicheko kilikatika pale mchumba alipoanza kujikuna shingo. Kujikuna huku nilikujua, kuna jambo. Akakiri kwamba zile dakika ambazo bibi alikuwa wa kwanza, yeye alikuwa ameshapiga picha kwenye simu na kumwonyesha bibi, ili kumfurahisha. Bibi amefurahi sana. Ametangaza mtaa mzima. Na jioni mama akapiga kusema kwamba ile picha ya asubuhi ameifikisha Lulindi kwa jirani yule yule wa kikapu, na yule mtu wa Lulindi ametoa jibu. Amesema atakuja aone.

Kwa hiyo zilikuwapo sasa karatasi mbili, kila moja na mtu wake juu, na siku tisa za kufika harusini. Ningeweza kuifuta sheria ya utani na kuamua mwenyewe nani awe juu. Hilo ni jambo la dakika moja kwa kompyuta. Lakini ningeamuaje? Nikimweka bibi, mjomba anaondoka na mama hana kaka tena. Nikimweka mjomba, naingia kwenye ndoa nikiwa nimemvunjia heshima kizee kilichomlea mume wangu. Niliogopa.

Nikaamua kwenda Lulindi kumwambia mjomba ukweli. Nilichukua bodaboda kuteremka mlima, kompyuta imefungwa kifuani kwa kanga kama mtoto, na kila kona dereva akiniambia niache kusali kwa sauti, namkosesha umakini.

Nilimkuta mjomba amekaa uani, anachambua korosho kwenye turubai, nzima huku, zilizotoboka kule. Nikapiga goti, shikamoo mjomba. Marahaba, akasema, na mikono haikusimama. Nikaanza kueleza kutoka mwanzo, hasi, chanya, sifuri, bibi, karatasi mbili, mpiga picha na muuza chapati. Nilieleza haraka haraka na vibaya. Aliniuliza swali moja tu, kwamba hiyo mashine inawauliza watu wangapi kwa wakati mmoja. Nikamwambia wawili wawili.

Mjomba akaiweka korosho aliyoshika. Mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani ni hasira, kumbe ni kicheko, kicheko cha mtu ambaye hajacheka siku nyingi na kimetoka kikiwa na kutu. Akasema yule kizee amenipata, tena mimi na elimu yangu yote.

"Mtani humtangulia mtani kwa kumpora nafasi," alisema. "Ukimpa nafasi kwenye karatasi, utani uko wapi hapo? Wewe waweke sawa. Wenyewe watanyang'anyana."

Sifuri. Yaani sifuri tu! Nilitaka kumkumbatia lakini ni mjomba, nikapiga makofi mawili badala yake. Miezi yote ile nilikuwa naitazama sifuri kama jibu la mtu mvivu asiyejua la kusema, na mkulima wa korosho ameniambia ndilo jibu lenye heshima kuliko yote. Nikafungua kompyuta pale pale kwenye magoti, nikaitoa sheria ya bibi, nikampa kila mtu daraja lake, na watani wawili wakubwa nikawaweka daraja moja la juu, wasiulizwe umri wala umbali.

Nilipomaliza akaniambia nimsomee orodha yote. Nikasoma. Alisikiliza akiendelea kuchambua, anatikisa kichwa hapa, anaguna pale. Nilipofika mwisho akauliza mama yangu ni wa ngapi. Nikamjibu mama hayumo. Mama ni mwenyeji, atakaa mbele na wazee, mwenyeji haitwi.

Mikono ikasimama juu ya korosho. Kisha akauliza tena, taratibu, kama nimesema mama hayumo.

"Siku ile ya dada yako," akasema, "wangeniita hata wa mwisho ningeingia. Waliniita peke yangu."

Sehemu iliyobaki aliisema kwa vipande vipande, akizitazama korosho. Tangu mama yao alipofariki, yeye na mdogo wake hawajawahi kuingia kwenye harusi au kutoka kwenye msiba mmoja mmoja. Wametoka tumbo moja, wamebaki wawili, wanakwenda wawili. Siku ile jina lake liliposomwa alisimama mlangoni akimsubiri mama anyanyuke kule mbele aje. Mama hakunyanyuka. Alikaa pale kwenye kiti cha wakubwa, karibu na baba mdogo, akamtazama. Akaona basi, mdogo wake sasa ni mtu wa upande ule.

Nami mama alikuwa ameshanisimulia siku hiyo hiyo mara nyingi, jikoni, kwa hasira: kwamba alikaa pale akisubiri kaka yake aje amchukue, maana hakuna aliyemwita, na mwenyeji hajinyanyui, na badala yake akaona mbuzi anafunguliwa. Nilikuwa na vipande vyote viwili kichwani. Miaka mitatu, na ilikuwa kila mmoja anamsubiri mwenzake. Nililia mbele ya mjomba wangu kama mtoto wa darasa la pili, na yeye akajifanya anatafuta korosho iliyodondoka.

Nilipopata sauti, kwa kuwa mimi ni mimi, nilimuuliza niwaandikeje sasa. Kati yake na mama, nani atangulie?

Akanitazama. "Na hilo pia mashine inataka kutuuliza?"

Nikanywea. Orodha ya kompyuta ni kama safu ya visanduku, na nilikuwa nimemweka mtu mmoja kwenye kila kisanduku kwa sababu ndivyo kitabu kilivyoonyesha. Hakuna palipoandikwa kwamba kisanduku hakiwezi kubeba wawili. Nikawatia humo pamoja, mama na kaka yake, kama kitu kimoja. Tangu hapo fanksheni isingeweza kamwe kuwalinganisha wao kwa wao, kwa kuwa isingewaona kuwa ni wawili.

Jioni nilimpigia mama nikamweleza yote, na yale ya mlangoni nikayaeleza mara mbili. Aliniuliza tu kama kaka yake amekonda.

Siku ya harusi upepo wa Newala ulivuma tangu asubuhi, shela langu likawa linataka kuondoka bila mimi. Ukumbi ulijaa. Mjomba alifika mapema, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe, kuku wawili mkononi, akaketi nyuma kabisa karibu na mlango. Mama alikuwa mbele, kwenye kiti cha wenyeji, amevaa kitenge kipya, hageuki. Shingo yake ilikuwa imekazana kwa kutogeuka. Mimi nilikaa jukwaani karibu na mume wangu wa saa tatu. Nilikuwa nimemkabidhi mshereheshaji karatasi kwa mkono wangu mwenyewe, na nilimkumbusha mara nne.

Alisoma mstari wa kwanza kama ulivyoandikwa, wote watatu kwa pumzi moja: bibi wa bwana harusi, pamoja na mama wa bibi harusi na kaka yake.

Watu hawajawahi kusikia mwenyeji anaitwa. Mama alisimama kabla hajamaliza kusikia, akapita katikati ya viti kuelekea nyuma, haraka kiasi kwamba kilemba kililegea. Mjomba naye alishasimama mlangoni. Bibi, ambaye alikuwa ameniahidi hatafanya vituko, aliibuka kutoka sijui wapi, akamnyang'anya mjomba kuku wote wawili, akaingia nao akicheza, amewabeba juu kama kombe la mpira, akitangazia umati kwamba watani wake wamemletea zawadi na kwamba safari hii wamejua adabu. Watu walikufa kwa kicheko. Baba mkwe alifunika uso kwa mikono. Bibi alinitupia kuku mmoja mapajani, na wa pili akaenda kukaa naye.

Nami nilikuwa natazama mlango. Wale wawili walikuwa hawajaingia. Walikuwa wamesimama kizingitini, wametazamana, na kwa kuwa muziki ulipunguzwa ili bibi asikike, sisi wa jukwaani tuliwasikia.

"Tangulia, kaka," alisema mama.

"Tangulia wewe."

"Wewe ndiye mkubwa."

"Wewe ndiye uliyemzaa."

Mama akasema hawezi kumpita kaka yake. Mjomba akasema hampiti mama wa bibi harusi. Kila mmoja akamsukuma mwenzake mbele kidogo, mwenzake akarudi nyuma. Mpiga ngoma alianza upya mara mbili. Mshereheshaji alinitazama kwa macho ya kuomba msaada, karatasi mkononi, anataka kujua nani aingie kwanza, na mimi mtunzi wa programu yote ile sikuwa na hata mstari mmoja wa kumpa. Nilimwonyesha vidole viwili. Nilikuwa nalia na kucheka kwa wakati mmoja, kuku ananidonoa shela, na mume wangu ananiuliza kama niko salama.

Mwisho waliingia ubavu kwa ubavu, kwenye mlango usiotosha watu wawili, wakabanana, wakapenya. Mama alikuwa ameushika mkono wa shati la kaka yake, ameukunja wote ndani ya ngumi, pasi yote imeharibika. Walinifikia hivyo, wakanibariki hivyo, na wakaenda kuketi hivyo. Mchezo uliendelea, majina yakasomwa mpaka shangazi wa Nanganga na muuza chapati, na kila nilipochungulia ngumi ya mama ilikuwa pale pale. Chakula kilipoletwa, ilibidi mjomba aombe arudishiwe mkono wake ili aweze kula.